Nusu Sasa, Nusu Mzigo Ukivuka

Jumatatu, 4 Desemba

Siku njema kwa mtu mwenye akili. Leo nimenunua fahali bila Mutwalibu kugusa hata senti.

Niandike vizuri, ili siku moja binti yangu Truphena akisoma ajue babake, Mulama, alikuwa mtu wa namna gani. Jumamosi hii Emmaculate, mdogo wake Roselida mke wangu, analetewa mahari nyumbani kwao Chakol. Kikwazo ni mimi. Kwao mdogo hatangulii mkubwa. Mahari ya Roselida ilibaki fahali mmoja tu, na fahali huyo nimekuwa nikiahidi kumleta "mwezi ujao" tangu Truphena akibebwa mgongoni. Sasa Truphena ananizidi hesabu. Baba mkwe, Mzee Ongodia, ametuma neno: fahali wangu asipoingia bomani kwake Jumamosi asubuhi, wageni wa Emmaculate watarudishwa langoni pamoja na ng'ombe wao. Amelituma kwa upole. Upole wa mzee huyu unatisha kuliko makelele ya wengine.

Fahali yupo. Mwekundu, mwenye nundu ya heshima. Yuko Malaba, upande wa Uganda, kwa Jamirah, mama anayeuza ng'ombe. Kibali chake cha kuvuka nimeshakitoa mimi mwenyewe, kwa sababu kazi yangu ni uwakala wa forodha, yaani kutoa mizigo ya watu mpakani. Pesa pia ipo, ila ni bitcoin, imo ndani ya simu. Mteja wangu wa vitenge alinilipa hivyo. Anayeinunua hulipa kwa dola, na kugeuza dola ziwe shilingi ni kupitia kwa Mutwalibu, mbadilisha pesa ninayekaa naye chini ya mwamvuli mmoja hapa Busia. Na Mutwalibu lazima akate chake. Huyu ndiye aliyeniambia wiki jana nichangie kushona mwamvuli, eti nusu ya kivuli ni yangu. Nusu! Jua likipanda kidogo kivuli chote kinahamia kwake.

Kumbe Jamirah anapokea bitcoin. Nilicheka peke yangu mpaka mteja akaniuliza kama niko salama.

Nikafungua ile pochi ya simu, programu inayotunza bitcoin. Nikabonyeza tuma zote, maana kubakiza ni kualika matumizi. Kile kidogo kilichozidi Jamirah amnunulie fahali nyasi. Simu ikaniuliza nataka ada gani: ya haraka, ya kawaida au ya polepole. Chini kabisa palikuwa na mahali pa kujaza mwenyewe. Nikajaza mwenyewe. Nani mpakani hulipa bei ya kwanza aliyotajiwa? Ikaandika "Inasubiri." Sawa, pesa yenye adabu husubiri.

Nimemwambia Roselida mambo yamekwisha. Ameniangalia, akaendelea kuchagua maharagwe.

Jumanne, 5 Desemba

Bado inasubiri.

Jamirah ametuma picha ya fahali akitafuna, na maneno haya, akiniita bwana kwa Kiganda: "Ssebo, ndume yako naiona, pesa yako siioni." Nikampigia. Akasema kwa simu yake inaonekana inakuja, lakini haijathibitishwa, na ndume haitembei mpaka ithibitishwe. Zamani aliachilia ng'ombe kwa imani. Ng'ombe alikwenda na imani yote.

Nikaanza matengenezo. Nikazima simu nikawasha. Nikatoa laini nikarudisha. Nikafuta video zote za kwaya ili simu iwe nyepesi. Wapi. Kisha nikagundua tatizo: pale mwamvulini simu hushika mtandao wa Kenya, mara wa Uganda, mara wa Kenya. Pesa yenyewe labda haijui iko nchi gani. Nikapanda boda kuelekea Nangina, mbali na mpaka, hadi nikahakikisha simu ni Mkenya kamili. Nikakaa kando ya barabara nikiinua simu juu. Wanawake wawili waliotoka hospitali wakaniuliza kama nimepata habari mbaya. Boda ya kwenda na kurudi imekula zaidi ya ada niliyookoa jana, lakini hayo ni matumizi ya usafiri, hayahusiani.

Jioni nikamwendea Sumaiya, binti wa Mutwalibu, mwenye kibanda cha simu. Ndiye aliyeniwekea ile pochi, na ana mdomo wa babake. Akasema mtandao hauna kosa. Pesa imeshaondoka, imepanga foleni na pesa za dunia nzima, na wanaozipitisha wanaanza na waliolipa ada kubwa. Mimi nimelipa ada ya mtu anayetaka kusahauliwa. Akasema nibonyeze "ongeza ada" nimalize maneno.

Foleni! Mbona hakusema mapema? Foleni ndiyo ninayoijua duniani kuliko kitu kingine. Nikamweleza sheria ya kwanza ya mpakani, niliyofundishwa na mwajiri wangu wa kwanza: anayeonyesha haraka hulipa mara mbili. Ukimwonyesha mchukuzi wa mkokoteni kwamba una haraka, bei inapanda hapo hapo. Dawa ni kutulia, kuangalia kando, kusubiri zamu ibadilike. Zamu mpya hupitisha kila kitu.

Sumaiya akasema bitcoin haina zamu. Ni msichana mdogo bado, ataelewa.

Jumatano, 6 Desemba

Zamu ya usiku haikupitisha. Ya asubuhi nayo imelala.

Mutwalibu ameniuliza mbele ya wateja kama ndume wangu anakuja kwa miguu au kwa intaneti. Nikamjibu kwamba yeye ni mtu wa makaratasi, hajui mambo yanakokwenda. Akasema makaratasi yake angalau yakitoka mfukoni mwake yanaingia mfukoni mwa mwingine siku hiyo hiyo. Watu wakacheka. Sikuona cha kuchekesha.

Lakini Mungu si Mutwalibu. Mchana nimepata afisa! Niliandika shida yangu kwenye kundi moja la bitcoin kwenye simu, na kabla sijamaliza chai mtu akaniandikia faraghani. Ana picha ya tai. Anajiita Afisa wa Kufungua Miamala. Nilijua tu, hakuna foleni isiyo na afisa. Sumaiya alisema hakuna mtu pale, kumbe yupo, na ana adabu, ananiita "mteja mpendwa".

Afisa amesema muamala wangu umekwama kwa sababu ya hitilafu, na kuufungua anahitaji yale maneno kumi na mawili ya siri ya pochi yangu. Yale ambayo Sumaiya aliniapisha nisimwonyeshe mtu. Lakini afisa si mtu, ni afisa.

Hata hivyo, mimi si mtoto wa jana. Hakuna mwenye mzigo hapa Busia anayemlipa mchukuzi pesa zote kabla mkokoteni haujagusa upande wa pili. Nikamwandikia: nusu sasa, nusu mzigo ukivuka. Nikampa maneno sita.

Afisa akaandika, akafuta, akaandika tena. Kisha akasema utaratibu wake unahitaji yote kumi na mawili. Nikamjibu kwamba wote husema hivyo.

Alhamisi, 7 Desemba

Afisa ameamka mapema. Ameomba maneno matatu zaidi. Nikakataa. Akaomba mawili. Nikamuuliza mzigo umefika wapi. Akasema hauwezi kusonga bila maneno. Nikamwambia hata wachukuzi wangu husema mkokoteni hauwezi kusonga bila pesa, na nikikaa kimya husonga. Akasema nina roho ngumu, ananisaidia kwa upendo. Nikamwambia upendo wake uanze na kazi. Mwishowe akanitukania mama na kunifungia.

Nikapeleka malalamiko kwa Sumaiya. Alisoma mazungumzo yote akiwa amesimama, kisha akavuta kiti. Alicheka mpaka akafuta machozi kwa kitambaa cha kusafishia vioo vya simu. Halafu uso ukabadilika. Akaniambia yale maneno ndiyo ufunguo wa nyumba. Mwenye yote kumi na mawili ni mwenye pesa, na angeipeleka popote ningali nikisubiri zamu. Huyo hakuwa afisa, alikuwa mwizi. Akasema katika kazi yake ameona watu wengi walioibiwa, lakini hajawahi kuona mtu aliyenusurika kwa sababu hata kuibiwa alitaka kwa awamu. Akanifungulia pochi mpya, na kuniambia ile ya zamani nisiiwekee tena hata shilingi.

Nilimwambia asimweleze babake. Kibanda chake na mwamvuli vimeachana hatua chache tu. Ilipofika adhuhuri, wabadilisha pesa wote wa mpakani walikuwa wakinisalimia "nusu sasa". Mutwalibu peke yake hakujiunga nao. Alisogeza kiti chake juani, akaniachia kivuli chote. Afadhali angenitukana.

Emmaculate amepiga simu. Sauti ilikuwa ndogo. Ameuliza, "Shemeji, ndume imefika wapi?" Nikasema iko njiani. Si uongo, Malaba ni njiani.

Roselida anapiga pasi vazi lake la sherehe, gomesi ya rangi ya machungwa. Anaipiga polepole, mkunjo kwa mkunjo. Hajaniuliza chochote tangu Jumatatu, na hilo ndilo linaloninyima raha.

Ijumaa, 8 Desemba

Nimeuacha msimamo wangu. Asubuhi nilibonyeza "ongeza ada".

Simu ikajibu hakuna salio la kuongezea. Nilituma zote! Sumaiya alishika kichwa. Akasema bado kuna njia moja: anayepokea anaweza kuivuta pesa kutoka upande wake, kwa kulipa ada yeye. Nikampigia Jamirah. Jamirah akasema, "Ssebo, tangu nizaliwe sijawahi kulipa ndiyo nilipwe." Mimi pia nisingelipa.

Nikaenda Malaba mwenyewe. Malori yamepanga mstari hadi macho yanachoka, madereva wanapika chini ya matrela, hakuna anayelalamika. Kila siku ninawaambia watu hao watulie. Leo nilitamani mmoja wao apige honi tu.

Jamirah alinipeleka kwa fahali. Ni mzuri kuliko picha. Alinilamba mkono, labda kwa sababu ya chumvi ya jasho. Nilisimama hapo na kibali mfukoni. Fahali yuko tayari kuvuka, karatasi ziko tayari, mimi niko tayari, na pesa ambayo haina hata miguu ndiyo imekwama. Nilimwomba Jamirah aniamini hadi Jumatatu. Alikataa vizuri, akanipa soda.

Wacha niandike ukweli, hakuna anayesoma. Miaka yote hii nikienda Chakol ninakaa kwenye benchi la nje, kwa sababu ya deni la fahali. Sahani yangu inaletwa nje. Wakwe wenzangu wanaingia ndani, wanakaa kuzunguka chungu cha pombe ya wimbi, kila mtu na mrija wake, na mimi ninasikia vicheko kupitia ukutani. Nimezoea, na kiburi changu ni kigumu kuliko hilo benchi. Lakini kila mara Roselida hutoka kuja kukaa na mimi. Anawaacha ndugu zake anakuja kukaa kwenye benchi la nje, anaongea habari za mvua. Kesho mdogo wake ataaibika kwa sababu ya mume wake, na yeye atakuja kukaa pale pale, na ataongea habari za mvua. Hilo siwezi.

Nikamwambia yote jioni. Ada, boda ya Nangina, afisa, maneno sita, tuma zote. Alisikiliza hadi mwisho. Akauliza jambo moja tu: "Baba Truphena, huyo Jamirah ndiye yule hubadilisha pesa yake kwa Mutwalibu kila wiki?" Nikasema ndiye, na nikaanza kueleza kwamba Mutwalibu humkata vibaya. Hakusubiri. Alichukua leso, akasema anaenda kwa jirani kuomba chumvi.

Chumvi tunayo. Kopo zima. Mawazo humfanya mtu asahau.

Jumamosi, 9 Desemba

Amefika!

Tulikuwa tumeshafika Chakol, Roselida na gomesi yake, mimi na benchi langu. Wageni wa Emmaculate wamesimamishwa langoni, jua linawachoma, mjomba mmoja ameanza kuangalia saa. Mzee Ongodia amekaa mlangoni, fimbo magotini, mpole kabisa. Nilikuwa nikipanga hotuba ya kuomba radhi, na sehemu ya kwanza ilikuwa ikilaumu mtandao.

Ndipo lori dogo likaingia. Nyuma yake, fahali wangu, mwekundu, anaangalia watu kama mbunge. Wanawake wakapiga vigelegele. Emmaculate alikuja mbio na nguo zake za siku akanikumbatia mpaka kofia ikaanguka. Nikaangalia simu yangu upesi: bado inasubiri. Nikaelewa mara moja. Jamirah ameniamini. Uso wa mtu mwaminifu haujifichi.

Mzee alimzunguka fahali, akampapasa nundu, akamfungua mdomo akahesabu meno. Kisha akasema, "Mulama, huyu ndume umekawia naye, lakini umemchagua." Akanishika mkono, akaniingiza ndani mwenyewe. Nikapewa kigoda. Nikapewa mrija. Nikaomba kutoa neno, nikazungumza juu ya subira, jinsi vijana wa leo wanavyotaka kila kitu haraka, na jinsi foleni inavyomfundisha mtu utu. Walipiga makofi. Roselida alikuwa mlangoni, analia na kucheka, na mara mbili nilipotaja subira aliziba mdomo kwa leso.

Pombe ya wimbi ni tamu zaidi upande huu wa ukuta.

Jumapili, 10 Desemba

Katikati ya mahubiri simu imetetema. "Imethibitishwa." Jumapili! Zamu ya Jumapili! Sumaiya anasema Jumapili watu hutuma kidogo, foleni hupungua. Yaani kwa maneno mengine, zamu.

Nikamwambia Roselida njiani kurudi nyumbani kwamba subira yangu imelipa, na kwamba Jamirah ni mama wa pekee, kuachilia fahali kwa uso tu.

Akasimama. Akaniambia Jamirah hajawahi kuachilia kitu kwa uso wa mtu. Ijumaa ile hakwenda kuomba chumvi. Alikwenda kwa Mutwalibu nyumbani, akampata anakula, akamweleza, akampa na kile kibali alichokitoa mfukoni mwangu. Mutwalibu aliacha chakula, akampigia Jamirah, na alfajiri akaenda Malaba na pesa yake mwenyewe mkononi. Hakutaka maandishi. Roselida alipomshukuru, alisema, "Mama Truphena, Mulama akiaibika Chakol atahama hapa kwa aibu, na mimi nitagombana na nani siku nzima?" Alimwomba asiniambie mpaka nitoe hotuba yangu, kwa sababu alijua nitatoa hotuba.

Nilitangulia mbele mpaka nyumbani, nikifuta macho kwa kofia. Barabara ile ina vumbi baya sana, linaingia machoni.

Jumanne, 12 Desemba, Jamhuri

Siku ya taifa, na mimi nimejikomboa.

Jamirah amepiga simu. Ni mwaminifu kweli. Amesema amelipwa fahali mmoja mara mbili, nataka arudishe vipi? Roselida alikuwa karibu. Akasema ni rahisi: kesho Jamirah anakuja Busia kubadilisha pesa kama kawaida, amwachie Mutwalibu zake mkononi, kwisha. Nikasema ndiyo, wazo zuri. Kisha nikaenda nyuma ya jiko nikampigia Jamirah tena, nikamwambia anirudishie bitcoin ile ile kwenye pochi yangu mpya.

Kwa sababu fikiria. Mtu amekufanyia utu wa namna hii, utamlipa na makaratasi yale yale anayoshika kila siku? Mutwalibu anastahili kuonjeshwa dunia mpya. Jamirah aliniambia ametuma kwa ada ya haraka, na ilifika kabla chai haijapoa. Mama huyo anatupa pesa sana, nashangaa biashara yake inasimamaje.

Nikamshawishi Sumaiya amwekee babake pochi kwenye simu. Alinionya, alinisihi, mwishowe akaweka ili niondoke kibandani. Nikabonyeza tuma zote. Ada nikajaza mwenyewe. Safari hii nimejaza ndogo zaidi, kwa sababu nimetafakari: ile ya kwanza ilifika. Kama ilifika, basi nililipa kupita kiasi.

Mutwalibu ameshika simu kwa mikono miwili, ameniuliza hiyo "Inasubiri" maana yake nini. Nimemwekea kiti kwenye kivuli chote, nimetoa na mchango wangu wa kushona mwamvuli, na nimemfundisha sheria ya kwanza ya mpakani. Ameniangalia kwa muda mrefu. Nadhani imemwingia.

Jioni Roselida ameniuliza kama Mutwalibu amepata pesa yake. Nimemwambia iko njiani.

Amechukua leso, anasema anaenda kuomba chumvi.